Kwa nini nawapeleka wapanda baiskeli dhidi ya kaskazi

Kila nikitangaza safari ya siku nne, Mombasa hadi Marafa, swali huwa lile lile: "Fundi, kwa nini Januari? Si tungoje kusi itusukume?"

Ni swali la haki. Barabara yetu inapanda na pwani kuelekea kaskazini-mashariki, na Januari kaskazi inavuma kutoka huko huko. Ukishavuka daraja la Mtwapa, upepo uko usoni na jua utosini. Julai, kusi ingekubeba mgongoni.

Nimeongoza misimu yote miwili, na bado nachagua Januari. Wakati wa kusi kundi hutawanyika. Wenye miguu huchomoka, wanafika Kilifi, wanakunywa madafu na kulala kivulini, huku wa mwisho akihangaika peke yake na malori. Kaskazi haimwachi mtu ajitenge hivyo. Ukiwa peke yako unachoka upesi, lakini ukikaa nyuma ya mwenzako, gurudumu lako nusu mita tu na lake, unaokoa sehemu kubwa ya nguvu zako. Basi tunapanga msururu. Wa mbele anakata upepo dakika tano, anajitoa pembeni, anawaacha wampite, anashika mkia. Shimo likitokea, wa mbele anaonyesha kwa kidole na kuita "Shimo!", na neno linapokewa mtu kwa mtu hadi nyuma. Gari likija, mkia ndio unaoita.

Siku ya kwanza watu huona haya kuomba mwendo upunguzwe. Kufikia siku ya pili, tukipita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kwenda Watamu, haya yamekwisha. Mtu anasema wazi, "Jamani, polepole," na hakuna anayenuna.

Siku ya tatu nimeiweka fupi makusudi, Watamu hadi Malindi kupitia Gede. Misuli ambayo haijazoea kazi huuma zaidi siku ya pili na ya tatu, na makalio yanaukumbuka kila mkwaruzo wa kiti. Hapo mtu hudhani ameumia, kumbe mwili unazoea. Maumivu ya misuli yote, kulia na kushoto, nayakaribisha. Maumivu makali ya mahali pamoja, hasa gotini, hayo nasimamisha safari kuyatazama: mara nyingi kiti kiko chini mno. Kizunguzungu nacho si cha kuvumiliwa hata kidogo. Chupani natia maji lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na ndimu.

Nilikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye asubuhi hiyo ya tatu alikaa chini karibu na Gede akasema, "Fundi, miguu imegoma. Niitie tuktuk."

"Pole, dada. Nitakuitia. Ila kula kwanza."

Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, maana aliona kichefuchefu. Nilimpa tende tatu na hamri, kidogo kidogo. Wakati anatafuna, tairi yake ya nyuma ikawa imelala. Mbigiri. Wenyeji wa huku wanaijua: kijiba kidogo kigumu, kimekauka rangi ya mchanga, hakionekani hadi kikuchome. Kosa la wengi ni kuziba tyubu na kuirudisha haraka. Mimi hupitisha kitambaa ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima, na kinaponasa ndipo mwiba ulipo. Siku hiyo kilinasa mara mbili. Wenzake walikuwa wamemzunguka, mmoja akikwaruza tyubu kwa msasa, mwingine akipuliza solusheni ikauke, na hakuna aliyemharakisha. Kiraka cha pili alikibandika yeye mwenyewe. Tuktuk hakuitaja tena.

Kesho yake tulivuka daraja la Sabaki kabla jua halijakaza. Mbele ni Mambrui, halafu vumbi jekundu la kwenda Marafa, ambako tulipunguza upepo wa tairi kidogo zisirukeruke kwenye changarawe. Kaskazi ilikuwa kali, mchanga unachoma mashavu. Zamu ya mwalimu ilipofika nilimwambia anaweza kubaki nyuma.

"Hapana, kaka. Hii ni yangu."

Akakaa mbele dakika zake tano, kichwa chini, viwiko vimekunjwa, na sisi tukabana nyuma yake. Jioni tulisimama ukingoni mwa Nyari, korongo la Marafa, kuta zinageuka kutoka nyeupe hadi nyekundu, tukagawana mbaazi za mwisho kwenye sufuria moja.

Orodha ya Januari ijayo nimeifungua. Jina lake ni la kwanza.