Mabawa ya dirisha si mapambo

Wanaojenga Marekani nyumba za mtindo wa enzi ya ukoloni wa Uingereza, kama zile za Williamsburg, Virginia, hudhani kwamba mabawa ya mbao kando ya dirisha ni urembo tu. Basi hununua ya plastiki, membamba, na kuyapigilia misumari ukutani.

La hasha. Yalikuwa ya kufungwa kweli: kuzuia jua, mvua na wezi. Kwa hiyo kila bawa lazima liwe na upana wa nusu ya dirisha na urefu wake wote, tena lining'inie kwenye bawaba. Dirisha pana la kisasa linalopewa vibawa viwili vya sentimita 30 huchekesha.

Kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya liko kwenye luva, yaani vile vibao vyembamba vilivyoinama ndani ya bawa. Bawa likifungwa, vibao vyake humwaga maji nje. Likifunguliwa na kulala ukutani, upande uliokuwa nje hugeukia ukuta, hivyo vibao vinapaswa kuonekana vimeinamia ukutani. Wengi huvigeuza vielekee barabarani, kwa kuwa jicho limezoea hivyo. Na bila kishikizo cha chuma cha kulizuia bawa lililofunguliwa, upepo ungelibamiza usiku kucha.