Je, barafu ya Rwenzori ikiisha, mito ya Kasese itakauka?

Watu wengi Kasese, magharibi mwa Uganda, huamini kwamba mito ya Mubuku na Nyamwamba inategemea barafu ya milima ya Rwenzori, na kwamba ikiyeyuka yote, mito nayo itakwisha. Hofu hiyo inaeleweka: barafu iliyokuwa takriban kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906 ilikuwa imeshuka chini ya 1 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hata hivyo, vipimo vya Mubuku vilionyesha kuwa barafu huchangia chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima. Mengine ni mvua, inayohifadhiwa na misitu na vinamasi vya juu na kuachiwa polepole. Mimi ningehofia zaidi misitu hiyo ikikatwa.

Kwingineko theluji ndiyo ghala la maji. Magharibi mwa Marekani hurundikana majira yote ya baridi. Wapimaji huchomeka bomba ndani yake na kupima uzito wa theluji iliyoingia. Sentimita 100 za theluji zenye msongamano wa asilimia 30 ya ule wa maji ni sentimita 30 za maji, na kwa hesabu hiyo hukadiria mito itajaa kiasi gani. Rwenzori, karibu na ikweta, haina majira hayo.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Tega mkebe ulionyooka mahali pa wazi, upime maji kwa rula kila asubuhi, kisha utazame mto kutoka darajani. Utaona unapanda misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mto ukipanda bondeni kukiwa kukavu, mpigie simu ndugu anayeishi mlimani: mara nyingi huko imenyesha.