Mgeni hakatwi asilimia 15 kwa sababu ya ugeni wake

Nimeulizwa tena, safari hii na mhasibu wa kampuni moja pale Area D, Dodoma: "Dada, huyu si mzungu? Mzungu si ni kumi na tano?" Swali hilo nimelisikia Mtumba, nimelisikia Kisasa, na nimelisikia kwa watu wenye cheti cha uhasibu cha CPA ukutani. Sasa naliandika ili anayefuata nimtumie kiungo asome mwenyewe.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haiangalii rangi ya mtu wala pasipoti yake imetoka nchi gani. Inauliza jambo moja: katika mwaka huu wa mapato, Januari hadi Desemba, huyu ni mkazi au si mkazi? Asiye mkazi anayelipwa mshahara na mwajiri wa hapa anakatwa 15%, basi. Mkazi anapita kwenye viwango vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) kama sisi wote, awe Mgogo wa Mvumi au Mjerumani wa Munich. Na Mtanzania aliyehamia nje moja kwa moja anaweza kabisa kuwa asiye mkazi. Uraia hauamui.

Mnaodhani ni ubishi wa maneno, pigeni hesabu. Mshahara wa shilingi 5,000,000 kwa mwezi, tuache michango ya hifadhi ya jamii. Mkazi anakatwa 128,000 kwenye milioni ya kwanza, halafu 30% ya milioni nne zilizobaki, jumla 1,328,000. Asiye mkazi anakatwa 750,000. Pengo ni 578,000 kila mwezi. Mkishamkata vibaya, TRA, mamlaka ya mapato, haimtafuti yule mgeni ambaye pengine keshapanda ndege. Inamshika mwajiri, kwa sababu jukumu la kukata na kuwasilisha PAYE ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha ni lake, na riba juu.

Wengine wanakimbilia kibali. "Ana Daraja B, kibali cha ukaazi cha miaka miwili, kwa hiyo ni mkazi." Hapana. Kibali ni cha Uhamiaji, kinamruhusu kuishi. Mtu anaweza kuwa na Daraja B mfukoni akashinda Nairobi karibu mwaka mzima. Mwingine anaingia na kutoka kwa viza za biashara, hana kibali chochote cha ukaazi, na kikodi ni mkazi kamili.

Hapo ndipo wengi wananipotezea muda, kwa sababu wameshika siku 183 tu na wameacha njia nyingine za kuwa mkazi. Siku 183 kwa jumla ndani ya mwaka ni mlango mmoja, na si lazima zifuatane. Mlango wa pili ni makazi ya kudumu: ukiwa nayo Tanzania na ukawepo nchini hata sehemu ndogo ya mwaka, wewe ni mkazi. Wa tatu ndio unaosahaulika kila mara: uwepo mwaka huu na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka. Tuchukue mhandisi anayekuja Dodoma kwa awamu za mradi. 2023 alikaa siku 130, 2024 siku 120, 2025 siku 140. Hajawahi hata kuzikaribia 183, na kampuni yake inamkata 15% kwa amani. Wastani wake ni 130. Kwa 2025 ni mkazi, na 15% ile ni makosa.

Makazi ya kudumu ndiyo yanayoninyima usingizi. Mtu amefika Oktoba, amepanga nyumba Iyumbu kwa mkataba wa miaka miwili, ameleta kabati na mbwa, lakini mke na watoto wako Pretoria kwenye nyumba yao wenyewe. Je, ya Iyumbu ni makazi ya kudumu? Mimi naegemea kusema ndiyo, hivyo ni mkazi tangu mwaka huo wa kwanza. Nina mwenzangu ninayemheshimu sana anayesema hapana, na hoja zake si za kupuuza. Anayekwambia jibu liko wazi hajawahi kulitetea mbele ya mkaguzi.

TIN, namba ya mlipakodi, nayo naipitia haraka. Ni namba yenye tarakimu 9, haiuzwi, mgeni anaipata kwa pasipoti, kibali na alama za vidole. Haimfanyi mtu kuwa mkazi, na kutokuwa nayo hakumwondolei deni. Wageni wengi walichukua TIN isiyo ya biashara kwa ajili ya leseni ya udereva au gari, wakaisahau. Siku akianza kutoa ushauri wa kulipwa pembeni, hiyo haitoshi tena.

Mkazi anatozwa kwa mapato ya dunia nzima, ila aliyekuwa mkazi hapa kwa jumla ya miaka isiyozidi miwili katika maisha yake yote anatozwa yale ya Tanzania tu. Akishavuka hapo, pango analolipwa kwa nyumba yake ya Pune, India, linaingia kwenye ritani yake hapa, yaani taarifa ya mapato anayowasilisha TRA. Mhindi ana mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili. Wanao pia Kanada, Denmaki, Ufini, Italia, Norwei, Uswidi, Afrika Kusini na Zambia. Mmarekani, Mwingereza, Mjerumani na Mchina hawana, hata wakisisitiza kwamba "lazima upo".

Kwa hiyo mhasibu, usiniletee nakala ya kibali peke yake. Niletee kurasa zote za pasipoti zenye mihuri, za miaka mitatu, pamoja na tiketi, maana mara nyingi muhuri wa kutoka Namanga umegongwa juu ya ule wa kuingia uwanja wa Julius Nyerere na tarehe haisomeki. Niletee na mkataba wa pango. Na kama umeshamkata 15% tangu Januari naye hajatoka nchini, siku ya 183 inaangukia mwanzoni mwa Julai. Rudia hesabu za miezi yote iliyopita na ulipe pengo sasa, kabla riba haijaendelea kupanda.