Mchanga wa kilindini si ufukwe uliozama

Kila gesi ya Lindi na Mtwara inapotajwa redioni, wateja wanaokuja kupimiwa visima hapa Mbeya hunirudishia maneno yaleyale: "Kumbe kule baharini palikuwa ufukwe, injinia, ndiyo maana wamekuta mchanga." Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo nao wanayaleta, tena wameshayaandika kwenye ripoti. Inachosha, kwa sababu kosa hili likishakaa kichwani, kila kinachofuata kuhusu miamba mashapo, yaani ile inayotokana na mchanga na tope lililotuama, kinaeleweka kombo.

Dhana: penye mawe ya mchanga palikuwa pwani

Tuanze na hesabu. Kisima cha gesi cha Zafarani, kilichoko baharini mkabala na Lindi, kilichimbwa mwaka 2012 mahali ambapo maji yana kina cha zaidi ya mita 2,500. Zama za barafu zilipofikia kilele, miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilishuka kama mita 120 tu. Kupanda na kushuka kwa maji peke yake hakuwezi kuuweka ufukwe mahali kama pale.

Mchanga ndio uliohama. Mito huulimbikiza ukingoni mwa rafu ya bara, yaani sakafu ya bahari ya kina kifupi inayopakana na nchi kavu, kisha tetemeko, dhoruba au uzito wa rundo lenyewe huuporomosha. Ukishachanganyika na tope na maji, mchanganyiko huo huwa mzito kuliko maji yanayouzunguka, basi hutelemka ukiambaa na sakafu, ukichokonoa na kuongeza mzigo njiani. Huo ndio mkondo wa tope. Hupita kwenye korongo, kisha kwenye mfereji. Tope jepesi la juu hufurika na kujenga kingo pande zote mbili, mchanga mzito ukabaki ndani. Mteremko unapolegea na kingo kwisha, mkondo hutawanyika, hupunguza mwendo na kuutua mzigo wake: hapo ndipo lobu, yaani rundo pana la mchanga lenye umbo kama ulimi, huundwa.

Anayedhani hii ni nadharia ya darasani atazame Grand Banks, Kanada, tarehe 18 Novemba 1929. Baada ya tetemeko, nyaya 12 za telegrafu zilikatika chini ya bahari. Za karibu na kitovu zilikatika papo hapo, lakini za kilindini zilikatika moja baada ya nyingine kwa kufuata mteremko, ya mwisho saa 13 baadaye. Januari 2020 mkondo mwingine uliotokea mdomoni mwa mto Kongo ulisafiri zaidi ya kilomita 1,100 na kukata nyaya za intaneti.

Nawasihi wanafunzi: msihukumu kwa visukuku vya ndani ya mchanga. Gamba la kome wa pwani lililomo mle limesafiri pamoja na mchanga. Someni tope lililo chini na juu ya tabaka, kwa kuwa foraminifera (viumbe vidogo sana vya baharini vyenye magamba) zilizomo ndizo zinazotaja kina halisi. Kisha ligeuzeni jiwe. Upande wa chini mara nyingi mtakuta vinundu virefu, butu upande mmoja na vinavyofifia upande wa pili. Ni mashimo ambayo mkondo uliyachimba kwenye tope, yakajaa mchanga. Upande butu ndiko mkondo ulikotoka. Wengi hupiga picha ya juu tu na kuondoka, nami huwarudisha.

Tena hatuhitaji kwenda mbali. Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700, na sampuli za vilindini mwake zina matabaka ya mchanga katikati ya tope. Milima ya Livingstone inaporomokea majini pale Matema, na Kiwira, Lufilyo na Songwe zinaleta mzigo Kyela. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo mto wenye tope huzama humo kwa urahisi. Baharini maji ya mto huelea, mpaka yabebe karibu kilo 40 za mashapo kwa kila mita ya ujazo.

Dhana: mawe mekundu ya mchanga ya mkoa wa Songwe yanathibitisha bahari ilifika huku

Hapana. Yaliwekwa na mito ya nchi kavu, na ndimo alimopatikana dinosaria Rukwatitan, aliyepewa jina mwaka 2014.

Dhana: mchanga hushuka kilindini punje kwa punje

Hiyo ni tabia ya tope. Tabaka nene la mchanga linaweza kuwekwa kwa saa au siku chache, halafu sentimita chache za tope juu yake zikachukua maelfu ya miaka.

Dhana: gesi imejaa kwenye pango

Imo kwenye vinafasi kati ya punje za mchanga.

Dhana: ukigonga mchanga sehemu moja, jirani nako upo

Lobu ikishainuka, mkondo unaofuata hukwepa kwenda penye bonde, na mifereji nayo huhama. Visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana kabisa: kimoja kimepita katikati ya mfereji, cha pili kimeangukia kwenye kingo za tope.