Kuambiwa si kushauriwa

Nikiwapa wanafunzi wangu mkataba wa usalama wa Japani na Marekani wa 1960, wote hukimbilia kifungu cha 5, kile cha kuilinda Japani ikishambuliwa. Mimi huwarudisha cha 4. Kinasema pande mbili zitashauriana mara kwa mara, na tena upande wowote ukiomba, pale usalama wa Japani au amani ya Mashariki ya Mbali inapotishiwa. Kifungu chenyewe ni sentensi moja, na ndiyo inayowakosesha mabalozi usingizi.

Chukua Julai 1971. Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa Rais Nixon wa Marekani, yuko Pakistan, anasingizia tumbo, kumbe keshapanda ndege kwenda Beijing. Tarehe 15 jioni, kwa saa za California, Rais Nixon akatangaza kwenye televisheni kwamba atazuru China. Tokyo ilikuwa tarehe 16, saa tano na nusu asubuhi. Waziri Mkuu Sato Eisaku, aliyeambatana na Washington miaka yote kuitambua serikali ya Taiwan badala ya ile ya Beijing, alipata habari dakika chache tu kabla ya hotuba. Balozi wa Marekani mjini humo, Armin Meyer, yeye alikuwa ananyolewa. Akaisikia redioni kama raia mwingine yeyote.

Hapo Sato aliambiwa. Hakushauriwa.

Cha ajabu, Oktoba hiyohiyo Japani bado ilisimama na Marekani Umoja wa Mataifa kukitetea kiti cha Taiwan. Wakashindwa, China ikaingia kwa kura 76 dhidi ya 35, na ujumbe wa Tanzania chini ya Salim Ahmed Salim ukashangilia ukumbini. Lakini donge lilibaki. Septemba 1972 Waziri Mkuu mpya, Tanaka Kakuei, alikwenda Beijing akafungua uhusiano kamili, zaidi ya miaka sita kabla ya Marekani kufanya hivyo. Aliyerukwa naye akaruka.

Kuna pia mashauriano ya kabla ya tendo. Barua walizobadilishana Waziri Mkuu Kishi Nobusuke na Christian Herter, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, siku ileile ya kutia saini mkataba, zinaitaka Marekani iishauri Japani kwanza kabla ya kubadili kwa kiasi kikubwa vikosi au silaha zake nchini humo, au kuzitumia kambi za huko kuingia vitani. Kirasmi, mashauriano hayo hayajawahi kuitishwa hata mara moja. Suala la kama meli za Marekani zenye silaha za nyuklia zikitia nanga Japani zinahitaji mashauriano hayo liliachwa makusudi bila kuulizwa, na jopo la wataalamu lililoundwa na waziri wa mambo ya nje wa Japani, Okada Katsuya, likakiri mwaka 2010 kwamba palikuwa na maelewano ya kimyakimya. Kwa maoni yangu huo ndio ustadi wa washirika wa muda mrefu: kujua swali la kutouliza.

Ndiyo maana matamko ya pamoja nayasoma na kalamu nyekundu mkononi. Taiwan ilitajwa katika tamko la Sato na Nixon mwaka 1969, kisha ikatoweka kwenye matamko ya wakuu wa nchi hizi mbili hadi Aprili 2021, Waziri Mkuu Suga na Rais Biden walipoandika "amani na utulivu" wa mlango-bahari wa Taiwan. Agosti 2023 huko Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani, nchi hizo mbili, Korea Kusini ikiwa ya tatu mezani, ziliahidi kushauriana upesi kukitokea tishio kwa wote. Teremka hadi chini ya hati hiyo: imeandikwa kwamba ahadi hii haizai haki wala wajibu wowote wa kisheria.