Yai la bata huanza kuharibikia bandani

Wafugaji wengi wa bata huanza kufikiria usafi wa yai likishafika jikoni, na hapo mengi yameshaamuliwa. Bata hutaga usiku hadi asubuhi, mara nyingi kabla ya saa tatu, na hachagui mahali. Leo kiotani, kesho kwenye tope kando ya beseni la maji, keshokutwa bwawani. Tuyapime yanayosemwa na wengi kuhusu yai hili, moja baada ya jingine.

"Ganda la yai la bata ni gumu, hakuna kinachopenya."

Gumu kweli, na nene kuliko la kuku. Lakini lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Yai hutoka na joto la mwili wa bata, nyuzi 41 hivi. Linapopoa, vilivyomo hunywea na hewa huvutwa ndani kupitia vitundu hivyo, ndipo unapojengeka ule uwazi wa hewa upande mnene. Kama yai linapoa huku limelalia kinyesi kibichi, haiingii hewa peke yake.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya jioni: tandaza maranda au nyasi kavu kwenye viota, sogeza vyombo vya maji mbali, wafungie bata mpaka saa tatu hivi asubuhi, kisha okota. Ukiwafungulia alfajiri, baadhi ya mayai utayatafuta kwenye matope.

"Yaoshwe yang'ae, ndipo mteja atanunua."

Hii ndiyo inayowaponza wauzaji. Juu ya ganda kuna utando mwembamba wa asili unaoziba vitundu, na ukisugua kwa maji unauondoa. Maji yakiwa baridi kuliko yai ni balaa zaidi, maana ndani kunanywea tena na uchafu unafyonzwa. Kuloweka ndoo nzima ya mayai kwenye maji ya bomba ni kuyagawia yote uchafu wa machache.

Yai lenye doa dogo likwangue likiwa kavu, kwa kitambaa kigumu au msasa laini. Lililochafuka sana lisiingie kwenye trei ya kuuza. Ukiamua kuliosha kwa matumizi ya nyumbani, tumia maji yanayotiririka yenye joto kuliko yai lenyewe, likaushe papo hapo, weka kwenye friji, na liwe la kwanza kupikwa. Lenye ufa tupa tu. Mteja anayetaka weupe, mwoneshe banda lako. Maranda makavu hutoa mayai meupe bila tone la maji.

"Linalozama ni salama, linaloelea limeoza."

Kipimo cha maji kinapima umri tu. Kadiri siku zinavyopita, yai hupoteza unyevu na uwazi wa hewa hupanuka, ndiyo maana jipya hulala chini, la siku kadhaa huinua kichwa, na la zamani huelea. Bakteria wa salmonela hawaoneshwi na maji. Yai linaweza kuzama kama jiwe na bado likakulaza kitandani. Tena usijaribu hivyo kwa mayai ya kuuza, utakuwa umeyalowesha. Ingia chumba chenye giza, uliweke yai juu ya tochi ya simu: utaona ukubwa wa uwazi wa hewa, nyufa, na kama kuna mishipa.

"Yai lililorutubishwa halifai kuliwa."

Linafaa, na lishe yake ni ileile. Shida ni joto. Kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza, hulala kikiwa chini ya nyuzi 20 hivi, lakini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa chumba cha kawaida huzidi hapo mwaka mzima. Kinaanza kukua kidogokidogo bila kuatamiwa, kisha kinakufa, na hapo ndipo mayai viza yanapotokea kwenye trei uliyoamini ni mbichi. Kama unafuga kwa ajili ya mayai ya kula, tenga madume. Bata jike hutaga bila dume. Kitone cha damu, kwa upande mwingine, ni mshipa uliopasuka wakati yai likitengenezwa, si dalili ya kifaranga.

Rangi ya kiini nayo hutokana na chakula cha bata tu. Na yai linalonuka samaki? Angalia umewalisha dagaa kiasi gani.

"Kunywa bichi, linaleta nguvu."

Hapana. Mwaka 2010 Uingereza na Ireland zilikuwa na wagonjwa wa salmonela waliohusishwa na mayai ya bata, na hizo ni nchi za baridi zenye friji kila nyumba. Pika mpaka ute na kiini vyote vigande, hasa kwa watoto, wajawazito na wazee. Chemsha dakika 10 hadi 12, maana yai hili ni kubwa.

"Friji inatibu kila kitu."

Friji hupunguza kasi ya kuharibika, haiui vijidudu. Yai likishaingia lisitolewe mpaka siku ya kutumika, kwa sababu likitoka kwenye baridi hutoa jasho, na unyevu huo huwasaidia bakteria kupenya. Lisiwekwe mlangoni panapotikisika, wala karibu na samaki au vitunguu, kwani hunyonya harufu. Upande mwembamba uwe chini.

Usipokuwa na friji, mahali penye kivuli na hewa panatosha kwa siku chache. Majivu husaidia kuweka ganda kavu, basi. Hayapoozi wala hayasafishi. Chungu ndani ya chungu, kati yake mchanga uliolowa, hufanya kazi vizuri Dodoma kwenye hewa kavu, ila Pwani penye unyevunyevu hakipoi vya kutosha.

Andika tarehe kwa penseli kwenye kila yai, na usijazie trei ya zamani kwa mayai ya leo. Mteja akipata viza moja, hatauliza lilitagwa lini.