Sinclair Alipompa Fleming Mpira

Kuna kipande kifupi cha video ambacho huwaonyesha washambuliaji wangu kabla hatujapiga penalti hata moja mazoezini. Ni tarehe 2 Agosti 2021, uwanja wa Kashima, Japani, nusu fainali ya Olimpiki kati ya Kanada na Marekani. Mpaka hapo hakuna aliyefunga. Mwamuzi ametoka kutazama marudio ya VAR, ile video ya kumsaidia kuamua, anaonyesha nukta ya penalti: Deanne Rose kachezewa faulo ndani ya boksi. Anayeuchukua mpira ni nahodha wa Kanada, Christine Sinclair, miaka 38, mtu ambaye hakuna mwanamke wala mwanamume aliyewahi kufikia idadi ya mabao yake katika timu ya taifa. Anaushika kidogo. Kisha anamkabidhi Jessie Fleming, kiungo wa miaka 23. Fleming anapiga, nyavu zinatikisika, dakika ya 74. Mechi ikaisha 1-0, na Kanada hawakuwa wamewafunga majirani zao hao tangu 2001.

Nikisimamisha video, swali huwa lilelile. Kocha, mbona hakupiga mwenyewe? Makala haya ni jibu langu, nalo ni refu kidogo kwa sababu halianzii Kashima.

Nianze na idadi. Mabao 190 katika mechi 331, kuanzia Machi 2000 hadi Desemba 2023. Rekodi ya mabao 184 ya Abby Wambach wa Marekani aliivunja tarehe 29 Januari 2020 mjini Edinburg, Texas, siku Kanada ilipoichapa St. Kitts na Nevis 11-0. Hapo ndipo wengine hukunja uso na kusema ni mabao ya kuokota. Ni kweli ukanda wa CONCACAF, yaani Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi, una mechi za namna hiyo, lakini Wambach na Mmarekani mwenzake Mia Hamm nao walivuna shamba hilohilo. Isitoshe, Sinclair amefunga katika fainali tano tofauti za Kombe la Dunia, 2003, 2007, 2011, 2015 na 2019. Katika soka la wanawake, mwenzake katika hilo ni Marta wa Brazil tu. Fainali za Kombe la Dunia hazina mabao ya kuokota kwa miaka 16 mfululizo.

Alizaliwa tarehe 12 Juni 1983 mjini Burnaby, jirani na Vancouver, katika ukoo unaoujua mpira: wajomba zake wawili, Brian na Bruce Gant, walichezea Portland Timbers. Jezi namba 12 aliichagua kwa mapenzi ya Roberto Alomar, mchezaji wa besiboli wa Toronto Blue Jays. Alipokuwa na miaka 16, Even Pellerud, Mnorwei aliyeipa nchi yake Kombe la Dunia la 1995, alimwita timu ya wakubwa kwa mashindano ya Algarve nchini Ureno.

Pellerud alipenda mpira wa moja kwa moja: pasi ndefu nyuma ya mabeki, washambuliaji waufukuzie. Kwa binti wa miaka 16 ni shule ngumu, maana katika mfumo huo namba tisa, mshambuliaji wa kati, hapewi nafasi nyingi za kujaribu. Anagusa mpira mara chache, na mguso mmoja kati ya hiyo lazima uwe bao. Nimezitazama picha za miaka ile mara nyingi, na kinachonivutia si ukali wa mashuti yake. Sinclair hakuwa mpiga mizinga. Mguu wake haukurudi nyuma sana kabla ya kupiga, kwa hiyo kipa hakupata dalili mapema. Alimaliza kwa kulia na kwa kushoto bila kulazimika kuusogeza mpira kwenye mguu anaoupenda, na mguso huo mmoja aliouokoa ndio uliompita beki. Kwa macho ya mtazamaji wa kawaida, bao la aina hiyo linaonekana rahisi. Mimi huwaambia vijana kwamba urahisi huo umegharimu maelfu ya mipira pale jioni uwanja unapobaki mtupu.

Mwaka 2002 FIFA iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya wasichana chini ya miaka 19, huko Kanada. Sinclair alifunga mabao 10, akachukua mpira wa dhahabu na kiatu cha dhahabu. Fainali dhidi ya Marekani mjini Edmonton ilitazamwa na watu 47,784 uwanjani. Kanada wakafungwa 1-0 katika muda wa ziada, lakini tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema tena kwamba soka la wanawake halina watazamaji nchini humo. Mwishoni mwa mwaka huohuo alifunga mabao yote mawili katika fainali ya vyuo vikuu vya Marekani akiwa na Chuo Kikuu cha Portland, la pili likiwa ndani ya muda wa ziada. Ubingwa huo waliurudia 2005.

Halafu akahitimu, na hakukuwa na pa kwenda. Hili linasahaulika sana tunapotaja rekodi zake. Ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, WUSA, ilikufa 2003. Ligi iliyofuata, WPS, ilianza 2009. Katikati hapo, miaka ambayo mshambuliaji huwa kwenye makali yake, mmoja wa wafungaji bora duniani alikuwa akicheza Vancouver Whitecaps katika ligi isiyo ya kulipwa kikamilifu. WPS ilipokuja alitwaa ubingwa na FC Gold Pride mwaka 2010, na kabla mwaka haujaisha klabu ikavunjwa. Akahamia Western New York Flash, akatwaa ubingwa tena 2011. Mwaka uliofuata ligi yenyewe ikafa. Fikiria kazi ambayo unashinda kila kitu kisha mwajiri anatoweka. Utulivu ulikuja 2013 tu, ligi mpya ya Marekani, NWSL, ilipoanza na yeye akatua Portland Thorns, akakaa huko mpaka alipotundika daluga 2024, akiwa na mataji matatu ya ligi: 2013, 2017 na 2022.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo, klabu yake halisi ilikuwa timu ya taifa. Ndiyo maana machungu ya timu ya taifa yalimuuma mara mbili.

Mwaka 2011, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia mjini Berlin dhidi ya wenyeji Ujerumani, alipigwa kiwiko na pua ikavunjika. Alikataa kutoka, na pua ikiwa hivyo akafunga kwa mpira wa adhabu wa moja kwa moja. Kanada wakapoteza 2-1, wakapoteza na mbili zilizofuata, wakarudi nyumbani wakiwa wa mwisho kati ya timu 16.

Kisha Old Trafford, 6 Agosti 2012, nusu fainali ya Olimpiki. Kama una nafasi ya kutazama mechi moja tu ya soka la wanawake, tazama hii. Sinclair alifunga matatu peke yake dhidi ya Marekani, dakika za 22, 67 na 73, na mara mbili za kwanza Kanada ilipoongoza, Megan Rapinoe wa Marekani alisawazisha, bao moja likiwa limeingia moja kwa moja kutoka kona. Ikiwa 3-2, mwamuzi Christina Pedersen akampuliza kipa wa Kanada, Erin McLeod, kwa kushika mpira zaidi ya sekunde sita. Sheria ilikuwepo kitabuni, lakini waamuzi waliitumia mara chache mno, tena adhabu yake ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya boksi. Shuti la adhabu ile likagonga mkono wa Mkanada, penalti, Wambach akasawazisha. Alex Morgan akamaliza kwa kichwa dakika ya 123, ikawa 4-3. (Tangu Julai 2025 sheria imebadilika: kipa ana sekunde nane, mwamuzi anahesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho, na adhabu ni kona. Nadhani ni sahihi zaidi, maana kosa na adhabu sasa vinalingana.) Baadaye FIFA ilimfungia Sinclair mechi nne kwa mwenendo wake kwa waamuzi baada ya mchezo ule. Kanada waliichapa Ufaransa 1-0 wakapata shaba, naye akamaliza Olimpiki akiwa kinara kwa mabao 6.

Sasa linganisha na Tokyo. Mabao 6 mwaka 2012 yalileta shaba. Olimpiki ya Tokyo alifunga bao moja tu, dhidi ya Japani katika mechi yake ya 300, na ndipo alipovaa dhahabu.

Hapa ndipo kazi yake inaponivutia zaidi kama kocha. Kasi ya mshambuliaji huanza kupungua karibu na miaka 30, na wengi hujibu kwa kung'ang'ania boksi wakisubiri krosi. Sinclair alirudi nyuma. Mwaka baada ya mwaka aliteremka kutoka namba tisa kwenda namba kumi, kati ya viungo na washambuliaji, akipokea mpira huku ameipa goli mgongo na kuwaachia wenye mbio kama Rose na Nichelle Prince nafasi ya mbele. Ni kazi isiyo na sifa. Anayetoa pasi kabla ya pasi ya mwisho haandikwi popote. Lakini tazama fainali dhidi ya Uswidi, Yokohama, 6 Agosti 2021, miaka tisa kamili tangu Old Trafford. Kanada wako nyuma 1-0. Sinclair anaingia boksini, anachezewa faulo, penalti. Anayepiga ni Fleming tena, 1-1. Nahodha alitolewa kabla ya muda wa ziada, akatazama mikwaju ya penalti akiwa benchi. Mkwaju wa ushindi ulipigwa na Julia Grosso, aliyezaliwa Agosti 2000. Sinclair alipoichezea Kanada mara ya kwanza, Grosso alikuwa bado hajazaliwa.

Turudi kwenye swali la wasichana wangu. Sinclair alikuwa mpigaji penalti mzuri. Mwaka 2015, ufunguzi wa Kombe la Dunia nyumbani kwake Kanada, alimpigia China penalti ya dakika za nyongeza, akafunga, 1-0. Ila mpigaji ni binadamu wa siku ile, si wa takwimu zake. Katika robo fainali ya Tokyo, siku tatu kabla ya Kashima, alipiga mkwaju wa kwanza dhidi ya Brazil na kipa Bárbara akauzuia. Timu iliokolewa na kipa wao Stephanie Labbé, aliyepangua miwili. Sinclair alijua anachokibeba miguuni. Tena uamuzi wa kuachia haukuwa na dhamana. Mwaka 2019 jijini Paris, dhidi ya Uswidi, alikuwa amemwachia Janine Beckie penalti, kipa Hedvig Lindahl akaipangua, Kanada wakatolewa 1-0. Angeweza kujifunza kutokana na hilo kwamba asimwachie mtu tena. Alichojifunza ni kingine, nacho ndicho ninachotaka vijana waone pale anapouchukua mpira kwanza. Hakumwacha Fleming ausubiri mpira katikati ya maneno na mbinu za wapinzani. Aliubeba yeye mzigo huo, kisha akatoa mpira tu.

Kuna sheria ya mdomo kwa makocha wengi: aliyeangushwa asipige. Moyo unamdunda, mguu una maumivu, hasira haijashuka. Yokohama aliangushwa, akapiga mwingine, ikaingia. Melbourne, 21 Julai 2023, Kombe lake la sita, dhidi ya Nigeria, alikanyagwa mguu, VAR ikatoa penalti, akapiga mwenyewe. Kipa Chiamaka Nnadozie akaruka upande sahihi na kuipangua. Mechi ikaisha 0-0, Kanada wakatolewa hatua ya makundi. Bao lile lingemfanya kuwa wa kwanza kufunga katika fainali sita. Simlaumu. Alikuwa na miaka 40, na mwaka ule alikuwa ameshaongoza wenzake katika mvutano mkali wa malipo na chama chao cha soka, mpaka Machi akaketi mbele ya kamati ya Bunge kule Ottawa kueleza jinsi timu ya wanawake inavyotendewa. Hata hivyo video hiyo nayo huwaonyesha, mara baada ya ile ya Kashima, bila maelezo mengi.

Aliaga tarehe 5 Desemba 2023 jijini Vancouver dhidi ya Australia, mbele ya watu 48,112, uwanja wa BC Place ukiwa umepewa jina lake kwa siku hiyo. Hakufunga. Alitoka kipindi cha pili, akaingia Sophie Schmidt, naye akiaga usiku uleule. Bao pekee la mechi lilikuwa la kiungo wa Kanada, Quinn.

Kanada haikuwa na ligi yake ya kulipwa ya wanawake miaka yote 23 aliyoichezea. Sasa ipo. Diana Matheson, mfungaji wa bao lile la shaba dhidi ya Ufaransa, ndiye aliyeisimamisha, na Sinclair ni mmoja wa wamiliki wa Vancouver Rise. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi hiyo ilichezwa BC Place tarehe 16 Aprili 2025, Rise dhidi ya Calgary Wild. Bao la kwanza katika historia yake lilikuwa penalti. Alipiga Quinn.